Baba aliyetoweka aingie vipi kwenye filamu?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaandika mswada wa filamu fupi ya dakika 15 ambayo nitairekodi hapa Kisumu. Inamhusu mfanyakazi wa kiwanda cha karatasi cha Webuye ambaye, kiwanda kilipofungwa mwaka 2009, aliondoka kwenda kutafuta kazi na hakurudi nyumbani. Sasa ni mlinzi wa usiku Nakuru, hali yake ni duni, na anamtafuta binti yake aliye fundi cherehani katika soko la Kibuye. Wenzangu wananishauri nianze na maisha yao ya zamani, kisha nimalizie kwa kusameheana. Wewe waonaje? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Ndugu msomaji, mimi ningeyaacha yote mawili. Hata kwa kipimo cha Tuzo za Oscar, ambacho huruhusu filamu fupi kufika dakika 40, ni vigumu kusimulia miaka mingi kiasi hicho. Dakika zako 15, yaani takriban kurasa 15 za mswada, zinatosha kuwakutanisha watu wawili tu. Ukitanguliza kufungwa kwa kiwanda, baba atakuwa ameshatetewa kabla hajafungua kinywa. Wakazi wa magharibi wanayajua yaliyoipata Webuye, na wanajua vilevile kwamba wapo waliopoteza kazi hiyo hiyo wakabaki na watoto wao.

Anza pale baba anapoomba nauli. Binti anamtumia kwa M-Pesa bila kumjibu neno, na ujumbe wa kuthibitisha unamletea jina la mpokeaji, ambalo mwisho wake ni jina analolitumia binti mwenyewe. Kamera ikae kwenye simu hiyo, juu ya sare ya shule anayoishona, mpaka skrini izimike yenyewe. Baba akifika, asipige magoti wala asilie. Mfuko wa koti lake la kazini umechanika; binti aushone kimya, kisha amtajie bei kama anavyomtajia mteja yeyote, naye baba alipe kwa chenji iliyobaki kwenye nauli ile ile. Hapo utakuwa umeonyesha ufukara wake, aibu yake na umbali uliopo kati yao pasipo mtu kueleza lolote.

Msamaha usimlazimishe binti. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinawapa baba na mama wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawajaoana, kwa hiyo hasira yake ni dai la haki na wala si ukaidi. Baba na aombe. Jibu si lazima lije ndani ya filamu.

Kabla ya kurekodi, chukua leseni ya Bodi ya Kuainisha Filamu, upate na idhini ya wenye vibanda. Epuka Jumapili, maana Kibuye hufurika siku hiyo, na mazungumzo ya chini kama haya hayatasikika.