Nimekwama kwenye 6 ya kuandika IELTS, nifanyeje nifike 6.5?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi, niko Mwanza, naandaa maombi ya kusajiliwa na NMC, baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza. Nimefanya IELTS Academic, mtihani wa kupima Kiingereza, nikapata kusikiliza 7.5, kusoma 7, kuzungumza 7, kuandika 6. Wao kwenye kuandika wanataka 6.5. Nimekariri maneno magumu na viunganishi vya kila aina lakini alama haisogei. Nakutumia insha niliyoandika nyumbani. Swali lake: serikali itumie fedha nyingi zaidi kukinga magonjwa kuliko kutibu watu ambao tayari wanaumwa, unakubali kwa kiasi gani? Tatizo langu ni nini hasa? Na je, nikate rufaa?

JIBU: Marahaba, dada. Insha yako nimeisoma mara mbili. Mtu aliyepata 7 kwenye kuzungumza ana Kiingereza cha kutosha kufika 6.5 kwenye kuandika, kwa hiyo ondoa wasiwasi kuhusu lugha. Kilichokuangusha ni kwamba umeulizwa swali moja ukajibu jingine.

Kwanza hesabu, maana ndiyo itakayokuonyesha pa kuweka nguvu. Insha, yaani kazi ya pili, ina uzito mara mbili ya kazi ya kwanza, ile ya kueleza grafu au mchoro. Mtahini huipima kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa: umejibu swali kiasi gani, mawazo yamepangwaje, msamiati, na sarufi. Ukipata 6 kote, wastani ni 6. Ukipandisha vigezo viwili tu hadi 7 na viwili vikabaki 6, wastani unakuwa 6.5. Basi huna haja ya kuwa bora kila mahali. Sarufi na msamiati hupanda polepole, kwa miezi. Kujibu swali na kupanga mawazo kunaweza kupanda ndani ya wiki chache, kwa sababu hapo unabadilisha namna ya kufikiri kabla ya kuandika. Wewe nguvu zako zote umezipeleka kwenye msamiati, kigezo ambacho hakikuwa na haraka.

Sasa insha yenyewe. Swali linauliza unakubali kwa kiasi gani. Wewe umeandika aya ya faida za kinga, ukaandika aya ya faida za tiba, ukamaliza kwa kusema zote mbili ni muhimu na serikali izingatie zote. Hilo ni jibu la swali linalosema jadili pande zote mbili. Mtahini amefika mwisho hajui wewe umesimama wapi. Anayetaka 7 kwenye kigezo hiki anatakiwa awe na msimamo unaoonekana tangu utangulizi hadi hitimisho. Msimamo si lazima uwe mkali. Unaweza kusema: nakubali kwa sehemu kubwa, isipokuwa huduma za dharura zisiguswe. Huo ni msimamo kamili, na kila aya inayofuata iwe na kazi ya kuulinda.

La pili, hoja zako hazikui. Unaitaja moja, unaruka kwenda nyingine. Katika aya moja umetaja chanjo, usafi, lishe, elimu kwa umma na mazoezi, kila kimoja kwa sentensi moja, na kila sentensi imeanza na "Moreover" au "Furthermore". Chagua moja uifuate hadi mwisho wake. Nakuandikia mifupa kwa Kiswahili ili Kiingereza kisikusumbue kwanza. Fedha ya kinga hufika mbali kwa sababu ugonjwa mmoja uliozuiwa hufuta gharama nyingi zinazofuatana. Mtoto anayelala ndani ya chandarua chenye dawa hupunguziwa hatari ya malaria. Asipougua malaria kali, hahitaji kitanda cha wodi, hahitaji kuongezewa damu, na mama yake haachi biashara wiki nzima kumuuguza. Hospitali nayo inabaki na nafasi ya kumhudumia yule ambaye ugonjwa wake haukuweza kuzuilika. Basi, aya imekwisha. Hoja ni moja, nayo imeelezwa sababu, ikapewa mfano na matokeo, ikarudi kwenye swali la fedha.

Aya ya pili iwe ile "isipokuwa" yako. Hapa una mtaji ambao watahiniwa wengi hawana: umefanya kazi wodini. Mama mwenye uchungu pingamizi, yaani mtoto amekwama njiani, hawezi kusubiri bajeti ya elimu ya afya ilete matunda; anahitaji chumba cha upasuaji usiku huo huo. Andika hivyo, kwa maneno ambayo mkononi mwako ni mepesi.

Hapo ndipo nagombana na orodha yako ya maneno magumu. Umeandika "a plethora of maladies" pale ambapo ungeandika "many preventable diseases" mtahini angeridhika zaidi. Kigezo cha msamiati kinapima kama neno linakaa vizuri na jirani zake na kama linasema kitu hasa. Neno adimu peke yake halikupi alama. Maneno yako ya kazi, "outbreak", "staff shortage", "routine vaccination", yana thamani kuliko orodha nzima uliyoshusha mtandaoni. Na ile sentensi ya kufungulia, "Nowadays it is a common knowledge that", ifute kabisa. Watahini wanazijua sentensi za kukariri kama mtu anavyoijua sauti ya jirani yake, na yako ina "a" isiyotakiwa.

Viunganishi vipunguze. Kigezo cha mpangilio kinamshusha anayevitumia kama mashine. Sentensi mbili zikifuatana kwa mantiki, msomaji anaona mwenyewe. Mara nyingi "this" ikifuatwa na jina, kwa mfano "this saving", inaunganisha vizuri kuliko "Furthermore" tatu.

Kuhusu sarufi, usijaribu kurekebisha kila kitu. Katika insha yako makosa mengi yanatoka kwenye familia chache, na ni zile zile ninazoziona kwa wanafunzi wengi waliokulia Kiswahili. Ya kwanza ni "Although the budget is small, but…". Kwetu "ingawa" na "lakini" hukaa pamoja bila ugomvi, Kiingereza kinataka kimoja tu. Ya pili ni "whereby", ambayo umeitumia kila palipotakiwa "where" au "which"; kwa sasa iache kabisa, huihitaji. Kuna "equipments" na "informations", ambazo hazina wingi. Na kuna mkato unaounganisha sentensi mbili kamili: "Many patients come late, they have no money." Weka "because" katikati, utakuwa umepata sentensi changamano bila jasho. Kwa 7 kwenye sarufi wanataka sentensi zisizo na kosa ziwe nyingi, hawadai zote ziwe safi. Kwa hiyo dakika tano za mwisho pitia insha ukitafuta makosa haya tu, pamoja na "a" na "the", ambazo ndizo sugu kuliko zote.

Muda: kazi zote mbili ni dakika 60. Kwa kawaida 20 ni za kazi ya kwanza, maneno 150 au zaidi, na 40 ni za insha, maneno 250 au zaidi. Yako ina maneno karibu 340, na nadhani ndiyo maana hukupata nafasi ya kuisahihisha. Maneno 270 hadi 290 yanatosha. Tumia dakika saba kuandika msimamo wako na hoja mbili kabla ya kugusa insha. Najua zinauma saa inapokimbia, lakini ndizo zinazozuia lile kosa la kujibu swali jingine. Ukifanyia kwenye kompyuta, idadi ya maneno inaonekana kwenye skrini. Kisahihisha tahajia hakuna.

Kazi ya kwanza sitaichambua kwa kuwa hukunitumia. Hakikisha tu kwamba umeweka aya fupi inayotaja picha kubwa ya grafu, kipi kimepanda na kipi kimeshuka kwa jumla, kabla ya kuzama kwenye tarakimu.

Mazoezi: acha kuandika insha mpya kila siku. Chukua hii hii uiandike upya kwa msimamo mmoja, kesho yake irudie aya ya pili peke yake, kisha ndiyo uhamie swali jingine. Mtu anayeandika insha thelathini bila kurudia hata moja anazoea makosa yake.

Rufaa unaweza kuomba ndani ya wiki sita tangu tarehe ya mtihani. Unalipia, na alama ikibadilika fedha inarudishwa. Kwa insha ya aina hii nisingekushauri. Lakini kuna jambo pengine hukuambiwa: NMC wanakubali kuunganisha matokeo ya mitihani miwili iliyofanywa ndani ya miezi 12, mradi kuandika kusiwe chini ya 6 na sehemu nyingine zisiwe chini ya 6.5 katika mtihani wowote kati ya hiyo miwili. Kwa hiyo 7.5 yako na zile 7 mbili bado zina kazi. Ukirudia kabla muda huo haujaisha, kikubwa ni kufikisha hiyo 6.5 ya kuandika bila kuziachia nyingine zikaporomoka. Soma masharti kwenye tovuti yao kabla ya kulipia, maana huwa wanayabadilisha.