Ukikosea Dawa Wodini: Kwa Muuguzi Anayeanza Kazi

Mtoto mchanga wa kilo 3 ameandikiwa jentamisini (antibiotiki) miligramu 15 mara moja kwa siku. Muuguzi anafungua kabati, anachukua kichupa cha mililita 2, anavuta mililita 1.5 kama alivyozoea, anadunga. Anapokwenda kutupa kichupa ndipo anasoma kibandiko: miligramu 80 ndani ya mililita 2. Alichozoea ni kile cha miligramu 20. Mtoto amepata miligramu 60, mara nne ya alichoandikiwa.

Tumechagua mfano huu kwa sababu karibu kila kitu kilikwenda sawa. Dawa ndiyo, mtoto ndiye, njia ndiyo, saa ndiyo. Kilichomponyoka ni nguvu ya dawa kwa kila mililita, na hapo ndipo wageni wengi wa kazi huteleza, kwa sababu wamekariri mililita. Kariri miligramu. Mililita zihesabu upya kila unaposhika kichupa: dozi iliyoandikwa, gawanya kwa miligramu zilizomo kichupani, zidisha kwa mililita za kichupa. Hapa ni 15 gawanya kwa 80, mara 2, unapata 0.375. Kiasi hicho hakipimiki kwa bomba la mililita 5. Vuta mililita 1 ya dawa (miligramu 40), ongeza mililita 3 za maji ya chumvi (normal saline), changanya. Sasa kila mililita ina miligramu 10, na mtoto anapewa mililita 1.5. Bandika jina la dawa na nguvu yake kwenye bomba palepale, kabla hujaliweka chini.

Basi, kosa limetokea. Kwanza nenda kwa mgonjwa, faili litasubiri. Kama dawa bado inaingia kwa dripu, funga. Tazama anavyopumua, rangi yake, mapigo ya moyo, kama anaitika. Ita msaada ukiwa hapohapo kitandani. Kichupa na bomba usivitupe: daktari atauliza ni dawa gani na kiasi gani, na kumbukumbu ya mtu aliyeshtuka haiaminiki. Kisha mwambie daktari wa zamu na msimamizi wako kwa sentensi moja iliyokamilika: “Mtoto wa kitanda cha 4, kilo 3, amepewa jentamisini miligramu 60 badala ya 15, saa 20:10, anapumua vizuri.” Ukianza na maelezo ya kwa nini, unakula dakika za mgonjwa.

Kinachofuata hutegemea dawa. Jentamisini huumiza figo na masikio, na dalili hazionekani usiku huohuo. Dozi inayofuata isitolewe mpaka daktari aamue, na mkojo upimwe. Pima nepi kavu, kisha pima ikiwa imelowa. Kila gramu iliyozidi ni kama mililita 1. Mtoto wa kilo 3 akitoa chini ya mililita 3 kwa saa, mwite daktari tena.

Insulini haikupi muda kama huo. Chupa nyingi zina yuniti 100 kwa mililita, kwa hiyo yuniti 10 ni mililita 0.1 tu. Anayekosa bomba la insulini akatumia la kawaida, akavuta mililita 1, ametoa yuniti 100. Pima sukari mara moja, mpe kitu chenye sukari kama anameza vizuri, andaa deksitrosi (maji ya sukari) ya mshipani huku ukimwita daktari. Kipimo cha kwanza kikiwa kizuri usilegee. Insulini ya kawaida ya muda mfupi (soluble) iliyodungwa chini ya ngozi hufika kileleni baada ya saa 2 hadi 4, na dozi kubwa huendelea kufanya kazi muda mrefu zaidi, hivyo sukari ipimwe usiku kucha.

Magnesiamu salfeti, dawa ya kifafa cha mimba, ikizidi, mama hupoteza kwanza mruko wa goti likigongwa, kisha pumzi hupungua. Pumzi zikishuka chini ya 16 kwa dakika, simamisha dawa na uite msaada; dawa ya kuikabili ni kalsiamu glukoneti gramu 1, yaani mililita 10 za asilimia 10, mshipani, polepole. Iwe kwenye trei moja na magnesiamu yenyewe tangu mwanzo. Kuitafuta stoo wakati mama anaacha kupumua ni kuchelewa.

Mama wa yule mtoto mchanga aambiwe, nawe uwepo pamoja na daktari: “Mama, mtoto amepata dawa zaidi ya kiwango alichoandikiwa. Daktari ameshamwona. Tutampima mkojo, na ukiona hanyonyi au analegea, tuite hata kama ni usiku wa manane.” Ana haki ya kujua, na yeye ndiye atakayekaa na mtoto huyo muda mrefu kuliko sisi sote.

Kwenye faili andika kilichoandikwa, kilichotolewa, saa, hali ya mgonjwa, uliyemwarifu na alichoagiza. Ukikosea neno, kata kwa mstari mmoja na utie sahihi, usifute. Saa ziandike kwa mfumo wa saa 24, maana “saa mbili” ya mdomoni ni 20:00 kwa mmoja na 02:00 kwa mwingine, na dozi inaweza kutolewa mara mbili kwa njia hiyo. Andika 0.5, kamwe si .5. Neno yuniti liandike lote, kwa sababu herufi U iliyoandikwa haraka husomeka sifuri.

Fomu ya tukio ijaze zamu hiyohiyo. Ndani yake sema vichupa vya nguvu mbili vilikaa boksi moja, kama ndivyo ilivyokuwa, kisha omba vitenganishwe rafu. Kwa dawa za watoto wachanga, insulini na magnesiamu, mwombe mwenzako ahesabu pia, ila usimwonyeshe jibu lako. Akiliona ataitikia tu. Ukiwa peke yako zahanati usiku, hesabu, ondoka mezani kidogo, rudi uhesabu tena kwenye karatasi mpya.

Wakati wa kukabidhi zamu usiseme tu “yuko sawa.” Mpeleke anayepokea mpaka kitandani, mwonyeshe dozi iliyozidi kwenye chati, mkojo uliopimwa, na saa ya kipimo kinachofuata.