Kikapu cha njiani: maswali ya wazazi wanaosafiri na watoto

Shule zikifunga tu, barua zenu hubadilika. Hakuna anayeuliza tena kuhusu mchuzi wa Jumapili. Kila mtu anakwenda kijijini na watoto wako kiti cha nyuma. Wiki hii nimechagua tano.

Shangazi, tunaondoka Mukono saa kumi na mbili asubuhi kwenda Gulu kwa bibi yao. Watoto wana miaka 5, 8 na 11. Nataka kupika pilau usiku, niipashe alfajiri na kuitia kwenye hotpoti, tule saa saba mchana. Itafaa? (Mama wa watatu, Mukono)

Mama wa watatu, pilau hiyo waachie watakaobaki nyumbani. Nakuambia hivi kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kufanya hivyo, kwa njia hiyohiyo. Nilipofungua hotpoti ilinukia vizuri, hata wali haukuwa umeshikana. Ulikuwa vuguvugu tu. Tulipokaribia Karuma, mwanangu wa pili alikuwa amejikunja anashika tumbo, na kutoka hapo mpaka Gulu tulisimama mara nne.

Baadaye ndipo nikaelewa. Mchele una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu kwa saa nyingi, mbegu hizo huamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha wali tena. Shirika la Afya Duniani linatufundisha kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Cha moto kibaki juu ya nyuzi 60, cha baridi kiwe chini ya nyuzi 5. Hotpoti zetu nyingi hazifikishi moto huo mpaka saa saba, hasa kama kila baada ya nusu saa mtoto anafunua kuchungulia.

Kwa hiyo panga kikapu kwa umri wa chakula. Juu kabisa weka kinachoharibika upesi: rolex ndogondogo (chapati zilizoviringishwa na mayai ya kukaanga), mayai ya kuchemsha, vipande vya kuku. Hivyo ni kifungua kinywa, na ikifika saa mbili viwe vimekwisha, popote mtakapokuwa. Chini yake weka vikavu vya kufika navyo jioni: chapati tupu, mandazi, kabalagala (vitumbua vya ndizi na unga wa muhogo), mkebe wa odii (siagi ya karanga au ufuta), ndizi na machungwa yasiyomenywa. Mchana wakitaka nyama, nunueni ile inayotolewa motoni mkiitazama.

Maji yagandishe usiku katika chupa mbili na uzilaze pembeni mwa matunda. Zitayapoza, na zikiyeyuka mtakunywa.

Watoto wangu hawataki chakula cha nyumbani wakiwa safarini. Tukifika Namawojjolo, lile soko la kando ya barabara, wachuuzi wakiinua kuku na gonja (ndizi za kuchoma) dirishani, kikapu chote kinasahaulika. Nifanyeje? (Baba, Jinja)

Ndugu yangu, hawakosei. Chakula cha dirishani kina kijiti, kina moshi, na kinakuja mbio. Cha kwetu tunakitia kwenye kaveera (mfuko wa plastiki), kinatoa jasho, kinatoka kimelowa na kimebondeka. Hata mimi ningechagua gonja.

Basi kipe cha nyumbani sura ya safari. Chukua jani la mgomba, toa uti wa kati, kisha lipitishe juu ya moto mdogo. Utaliona linabadilika: kijani kinakolea, linang'aa kama limepakwa mafuta, na lile jani lililokuwa likipasuka ukiligusa sasa linakunjika kama kitambaa. Acha lipoe. Mfungie kila mtoto kifurushi chake, ukifunge kwa kamba ya mgomba, na useme kitafunguliwa wapi: hiki tukiingia msitu wa Mabira, hiki tukivuka Nile. Mtoto anayengojea Mabira haulizi kila dakika kama mmefika.

Ndani weka kabalagala walizozikata wenyewe. Ponda ndizi ndogo tamu zilizoiva mpaka ganda lina madoa meusi, changanya na unga wa muhogo kidogokidogo, bila maji hata tone, mpaka donge liache kushika vidole. Lisukume liwe nene kama kidole cha mtoto, kisha waachie. Mkubwa akate kwa glasi, mdogo akate kwa kifuniko cha chupa. Wewe ukaange kwa moto wa wastani, maana ndizi ina sukari na huungua nje kabla ndani hakujaiva. Vile vidogo vya kifuniko cha chupa ndivyo vitakavyogombaniwa. Nimeona mtoto asiyekula chochote nyumbani akimaliza kumi, kwa sababu tu alizikata mwenyewe.

Na siku mojamoja wanunulie hiyo gonja ya Namawojjolo. Ni ndizi iliyochomwa motoni, na kumbukumbu za njia ya Jinja bila gonja zitakuwa na pengo. Ila mwambie mtoto asile cha kijiti gari likiwa linakwenda. Breki moja ya ghafla inatosha kumjeruhi koo. Simameni kwanza, au vuteni vipande kutoka kwenye kijiti.

Binti yangu wa miaka 7 hutapika kila tukipanda kona za Kabale kwenda Kisoro. Nisimpe chakula kabisa? (Mama, Mbarara)

Usimfungishe, dada. Tumbo tupu nalo huchafuka. Watoto wa kati ya miaka 2 na 12 ndio wanaosumbuliwa zaidi na kona, na wengi huacha wakikua. Mpe vitu vikavu kidogokidogo: mkate uliokaushwa, biskuti zisizo na sukari nyingi. Siku hiyo mnyime mandazi yenye mafuta na maziwa. Simu na kitabu viwekwe, atazame mbali mbele, na dirisha lifunguliwe kidogo. Chai ya tangawizi isiyokolea huwasaidia baadhi yao.

Mdogo wetu ana miaka miwili. Kaka zake wakila karanga za kukaanga, naye anazitaka. (Mama Zaituni, Bombo)

Karanga nzima hapana, Mama Zaituni, wala bisi, wala peremende ngumu, mpaka avuke miaka minne au mitano. Ndani ya gari mtoto anacheka, analia, anarushwa na shimo la barabara, na wewe umempa mgongo. Punje moja ikiingia njia ya hewa hutasikia kitu. Mpakie odii laini, safu nyembamba juu ya chapati. Usimpe kwa kijiko, maana ikiwa nzito hunata kooni. Na kaka zake wale zao mkisimama, mdogo akiwa amepakatwa.

Watoto wanywe nini? Na takataka tunaziweka wapi? Mara ya mwisho, pale Karuma, nyani waliruka juu ya gari letu. (Baba wa mapacha, Lira)

Maji, baba, kwa mikupuo midogo, mkisimama kila baada ya saa mbili. Bushera, kile kinywaji cha nafaka iliyochachushwa, ni nzuri, lakini katika chupa iliyofungwa kwenye joto huendelea kuchachuka, na mkifungua itaoga gari zima. Iacheni mpaka mfike.

Kuhusu nyani, hao wanakaa barabarani kwa sababu tumewazoesha. Ganda la ndizi likirushwa dirishani wanalikimbilia, na gari linalofuata linawagonga. Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda inawakataza wasafiri kuwalisha, na naomba tuitii. Pacha mmoja mpe mfuko wa takataka tangu mnapotoka nyumbani, wa pili apewe zamu ya kurudi. Kabla hamjafika kwenye msitu wa Karuma, simameni mahali salama, mle mmalize, fungeni mikebe, futeni vidole vyenye odii na pandisheni vioo. Kisha watazameni nyani kwa macho tu, mpaka mvuke daraja.