Mlinganiaji Aliye Ugenini: Je, Ni Msafiri Mpaka Arudi Kwao?

SUALI

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh. Sheikh wangu, mimi ni kijana wa Pemba, umri wangu miaka 23. Taasisi moja ya daawa imenileta Malawi, kijiji kimoja cha wilaya ya Mangochi, nisomeshe watoto chuoni na kulingania, kwa mkataba wa miaka miwili. Sasa nina miezi mitatu. Mwenzangu aliyenitangulia aliniambia sisi ni wasafiri mpaka turudi kwetu, kwa hiyo Adhuhuri na Alasiri nazisali pamoja chumbani, rakaa mbili mbili, na Isha vivyo hivyo. Wazee wa msikiti wameanza kuninong'ona kwamba mwalimu Alasiri haonekani. Tena wamenifanya khatibu wa Ijumaa, na kuna wiki wanaume hawafiki arubaini. Ramadhani ikija nifuate mwezi wa huku au wa Zanzibar? Watu wananiletea kuku, mahindi, na wengine pesa za zaka. Naweza kumtumia mama kitu? Mazikoni kuna mvutano wa dhikri, sijui nisimame upande gani. La mwisho naona haya kulisema: usiku nalia kwa kukumbuka nyumbani, na mama naye kila nikimpigia simu analia. Mwenzangu anasema huo ni udhaifu wa imani. Nisaidie.

JAWABU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Mwanangu, nitaanza na hilo ulilolionea haya, maana ndilo linalokunyima usingizi. Sala zako nitazifikia.

Imam Bukhari amepokea kwa Malik bin Huwayrith (R.A.) kwamba yeye na wenzake, vijana wa marika yanayokaribiana, walikwenda kwa Mtume (S.A.W.) wakakaa kwake siku ishirini. Anamsifu kuwa alikuwa mwenye huruma, mpole. Alipoona wamewatamani watu wao, akawauliza nani waliowaacha nyuma, kisha akawaambia warudi kwa jamaa zao, wakae nao, wawafundishe, na wasali kama walivyomuona yeye akisali. Iangalie vizuri hadithi hii. Vijana wale hawakuomba ruhusa. Mtume mwenyewe ndiye aliyewasoma nyusoni. Nao walikuwa Madina, wakisali nyuma yake, wakimsikia kwa masikio yao, na bado baada ya siku ishirini nyoyo zao zilikuwa kwa mama zao. Hakuwaambia imani yenu dhaifu. Basi huyo mwenzako amepata wapi la kukwambia hivyo wewe uliye Mangochi, miezi mitatu, peke yako chumbani? Mtume (S.A.W.) amesema pia kwamba safari ni kipande cha adhabu, humzuilia mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake, na akimaliza haja yake afanye haraka kurudi kwa watu wake. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Lia, mwanangu, kisha oga, usali rakaa mbili, ulale. Ila usilie mbele ya watoto wa chuo, watakuogopea.

Ama mama, hilo ni zito kuliko machozi yako. Alikuja mtu kumbai Mtume (S.A.W.), yaani kumpa ahadi ya utii, juu ya kuhama, akasema amewaacha wazazi wake wakilia. Akaambiwa arudi, akawachekeshe kama alivyowaliza. Ameipokea Abu Daud. Hukuniandikia kama mama alikupa ruhusa, na mimi nadhani alikupa, kwa sababu mama zetu wa Pemba hukubali kwanza, kilio wakakiweka mpaka meli ing'oe nanga. Kama alikuridhia, kilio chake ni mapenzi, hakikulazimishi kurudi. Kama uliondoka bila ya radhi yake, basi kulingania huko ni faradhi ya kutoshelezana, wapo wengine wa kuisimamia, na yeye hana mwana mwengine mwenye jina lako. Muombe radhi kwa maneno yaliyo wazi, na akikataa, zungumza na taasisi ikubadilishie.

Akiwa radhi, mpigie kwa utaratibu, si siku ukibanwa tu. Malawi iko nyuma yetu kwa saa moja. Mama akimaliza Isha Pemba, nyinyi huko ndio kwanza mmetoka Magharibi, ni wakati mzuri. Muoneshe chumba chako, muoneshe wanafunzi, muulize karafuu zimeanikwa au bado. Vijana wengi hupiga simu nyumbani siku ya homa na siku ya njaa, mama akawa hajui chengine isipokuwa homa na njaa. Atakosaje kulia?

Sasa sala. Hapa mwenzako amekukosesha.

Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, msafiri akinuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na siku ya kutoka, usafiri wake umekatika tangu anapofika. Anasali kamili, kila sala kwa wakati wake, na anafunga. Wanavyuoni wetu wameegemea kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaruhusu Muhajirina, ambao walikuwa wameuhama mji wa Makka, kukaa humo siku tatu tu baada ya kumaliza ibada yao ya Hija. Tatu basi ni kituo cha mpita njia, ikizidi hapo ni ukaazi. Mahanafi, wafuasi wa Imam Abu Hanifa, wao wameweka siku kumi na tano. Wewe umeweka saini ya miaka miwili. Chukua madhehebu yoyote katika hayo, hapana linalokubeba.

Najua hoja watakayokuletea. Watakwambia Abdullah bin Umar (R.A.) alikaa Azerbaijan miezi sita akikusuru, yaani akipunguza sala za rakaa nne kuwa mbili. Ni kweli imepokewa hivyo, lakini theluji ilikuwa imeziba njia. Kila siku alikuwa akitarajia kuondoka, hakujua lini. Wapo pia wanavyuoni wakubwa, kama Ibn Taymiyya, waliosema usafiri hauna idadi ya siku, kipimo ni mazoea ya watu. Hata kwa kauli hiyo, mtu mwenye chumba, wanafunzi, mimbari na mkataba, mazoea ya watu gani yatamwita msafiri? Muulize mama muuza usipa, wale samaki wadogo, hapo kijijini kama wewe ni mpita njia.

Kukusuru kwako kulikuwa halali tangu ulipotoka Pemba, kwenye meli, kwenye basi la Mbeya, mpakani Kasumulu, mpaka ulipokiingia kijiji. Na leo ukitoka hapo kwenda Lilongwe au Blantyre kwa shughuli ya siku mbili tatu, umekuwa msafiri tena, kusuru na ukusanye ukitaka. Kwenda kijiji jirani kwa baskeli si safari hiyo. Masafa ni zaidi ya kilomita 80.

Zile sala za miezi mitatu, kwa madhehebu yetu utazilipa: Adhuhuri, Alasiri na Isha. Usizikabili zote kwa mpigo ukajichosha. Kila ukisali Adhuhuri ya leo, ongeza Adhuhuri moja ya deni, na Alasiri na Isha hali kadhalika. Ukiwa na nguvu ongeza mbili. Wapo wanaosema aliyemfuata mwenye ujuzi kwa kutojua hadaiwi kitu, na siwakebehi wanaosema hivyo. Lakini wewe unasimama mbele za watu, na deni hili unaliweza. Kwa wazee huna haja ya kutoa hotuba. Alasiri ya kesho wakukute safu ya mbele. Maneno yao yatakwisha wenyewe.

Ijumaa ina undani kidogo. Kwetu sharti ni wanaume arubaini waliofanya mahali pale ndio kwao, hawahami kiangazi wala masika ila kwa haja. Wewe ni mkaazi, kwa hiyo Ijumaa ni wajibu juu yako, lakini una nia ya kurudi Pemba, kwa hiyo huhesabiwi katika arubaini. Kuhutubu na kusalisha unaweza, ikiwa arubaini wanatimia bila ya wewe. Wasipotimia? Asili ya madhehebu ni kusali Adhuhuri. Ila Imam Malik na Abu Hanifa hawakushurutisha arubaini, na hata ndani ya madhehebu yetu zimo kauli za idadi ndogo ambazo baadhi ya wanavyuoni waliruhusu zifuatwe. Kama Ijumaa hapo ilikuwa ikisaliwa kabla hujazaliwa, usije wewe ukaivunja kwa kuhesabu vichwa. Salisha, kisha ukitaka tahadhari kasali Adhuhuri chumbani kwako, kimya kimya, bila ya kumlazimisha mtu.

Mwezi ni mwepesi. Fuata watu wa hapo. Kurayb, aliyekuwa mtumwa wa Ibn Abbas akaachwa huru, alikuwa Sham, wakauona mwezi usiku wa Ijumaa, naye akafunga nao. Aliporudi Madina mwisho wa mwezi, Ibn Abbas (R.A.) akamwambia wao waliuona usiku wa Jumamosi, na wataendelea kufunga mpaka wakamilishe thalathini au wauone. Kurayb akauliza, hakututoshi kuonekana kwake na Muawiya, mtawala wa Sham? Akamjibu hapana, ndivyo alivyotuamrisha Mtume (S.A.W.). Imo katika Sahihi Muslim. Kwetu kila mwaka kuna wanaosubiri tangazo la Ofisi ya Mufti na kuna wanaoanza na Makka, unalijua hilo. Mgogoro wetu huo usiupakie kwenye basi ukawapelekea Mangochi. Ukirudi nyumbani katikati ya Ramadhani, utafuata wa Pemba mpaka mwisho, hata ikiwa funga yako itafika thelathini na moja. Ikiwa utakuta wanasherehekea nawe una ishirini na nane, fungua nao, ulipe siku moja.

Fitra yako itoe huko huko jua la mwisho wa Ramadhani litakapokuchwea. Chakula cha wenyeji ni mahindi, basi toa vibaba vinne vya mahindi, tena punje, si unga. Mama asikutolee mchele Pemba.

Pesa. Posho ya taasisi ni mali yako, na Mtume (S.A.W.) amesema kitu chenye haki zaidi kuchukuliwa ujira ni Kitabu cha Allah. Mtumie mama katika hiyo bila ya wasiwasi, hata ikiwa kidogo. Pesa ya zaka uliyopewa ugawe ni amana. Huna ruhusa ya kuchukua humo hata nauli, ila mwenye zaka akikwambia waziwazi kuwa hii ni yako wewe kwa ufakiri wako, nawe kweli hujitoshelezi. Hapo imeshakuwa mali yako, na ukimpa mama ni sawa. Kuku na mahindi ya ukarimu kula, kisha mrudishie mwenye nyumba kitu siku ukipata. Lakini anayekuletea mbuzi kwa sababu wewe ndiye unayepeleka majina ya mayatima wa kusaidiwa, huyo mrudishie mbuzi wake. Ibn Lutbiyya alitumwa kukusanya zaka, akarudi akasema hii yenu na hii nimepewa zawadi. Mtume (S.A.W.) akapanda mimbari akauliza kwa nini asikae nyumbani kwa baba yake na mama yake akaona kama ataletewa zawadi hiyo. Ujipime kwa suali hilo hilo. Na kila cha zaka kinachopita mkononi mwako kiandike daftarini, mzee mmoja wa msikiti akiona.

Limebaki la mazikoni. Kusini mwa Malawi mvutano huo ni wa zamani kuliko taasisi yako. Kuna watu wa tarika ya Qadiriyya wanaolisindikiza jeneza kwa dhikri ya sauti, na kuna wanaoitwa Sukuti, wanaonyamaza. Ukiniuliza ilimu, Imam Nawawi amesema lililo sahihi, na ndilo walilokuwa nalo waliotangulia, ni kunyamaza njiani na kuyafikiri mauti. Kwa hiyo hoja unayo. Lakini mwenye hoja si lazima aitoe mbele ya maiti, na wewe bado husemi Chiyao, lugha ya Wayao wa hapo, cha kumuamkia mtu akakuelewa. Mtume (S.A.W.) alipowatuma Muadh na Abu Musa Yemen aliwaambia warahisishe wala wasifanye uzito, wabashirie wala wasiwakimbize watu. Musab bin Umayr alipokuwa Madina akisomesha, naye ni mgeni wa Asad bin Zurara, alijiwa na Usayd bin Hudhayr na mkuki mkononi, akimtaka aondoke. Alimwambia tu: kaa usikilize, ukiridhia ukubali, ukichukia tutaacha. Usayd akakaa, akasilimu.

Tena kuna jambo vijana wetu hawalijui wanapokwenda upande ule. Watu wa Ziwa Nyasa, ziwa la huko Malawi, wanaifahamu Zanzibar tangu zamani. Kina Jumbe, watawala wa Nkhotakota ufukweni mwa ziwa hilo, tangu miaka ya 1840, walikuwa watu wa pwani yetu waliomtambua Sultani wa Zanzibar, na dini kwa sehemu ilipita kwa njia hiyo. Njia hiyo hiyo ilipita pembe za ndovu, na ilipita watumwa. Wayao wameshika Uislamu wao zaidi ya karne moja, na wengi wao ni wa madhehebu haya haya ya Shafi. Hujawakuta majahili. Mzee unayemuona anatamka Fatiha kwa lafudhi inayokuchekesha, huenda babu yake alisoma kabla ya babu yako. Ukiingia kwa sura ya mwenye dini aliyekuja kuwagawia, watakuheshimu usoni na hawatakusikiliza.

Kwa hiyo ukiitwa msibani nenda mapema. Saidia kuchimba, beba jeneza zamu yako. Wakiinua dhikri nyamaza, usikunje uso. Wakinyamaza, nyamaza nao. Wakitandika mkeka wa chakula, kaa ule nsima na matemba, yaani ugali na dagaa, waliyokuwekea, Mtume (S.A.W.) hakuwahi kukitia kasoro chakula, akikitamani hula, akikichukia huacha. Na atakayekutaka useme nani kati yao yuko sawa, mwambie suali hilo ni la darsani, aje Jumamosi baada ya Alasiri, utakuwepo msikitini.

Wallahu a'lam.