Kwa Mnaoshuka Mombasa kwa Misheni ya Wiki Moja

Wapendwa, Bwana asifiwe. Juzi nimetazama timu nyingine ya vijana wa bara ikiteremka Mwembe Tayari na gitaa, ngoma na spika ya magurudumu. Mizigo haijapata hata pa kulala, kiongozi ameshashika maikrofoni anatangaza kwamba Mombasa ni ardhi ngumu na wao wamekuja kuivunja. Adhana ya alasiri ikaanza. Akaongeza sauti. Mimi nilijiinamia kwenye kahawa yangu, maana kijana yule namjua vizuri: nimewahi kuwa yeye. Basi haya, toeni kalamu.

1. Hamji kufungua eneo. Mmisionari Krapf alifika hapa 1844. Juni ya mwaka huo alikaa na kadhi wa Mombasa wakianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, na Julai akamzika mkewe Rosine, na siku chache baadaye binti yao mchanga, ng'ambo ya kisiwa. Freretown, makazi ya watumwa walioachiwa huru, yalianza miaka ya 1870. Mnapita Kengeleni kila siku na matatu na hamjiulizi kengele ni ya nani. Ni ya watu hao. Kanisa kuu la Nkrumah Road lilikamilika 1905, na lina kuba ambalo mgeni hudhani ni la msikiti. Rabai kuna koo zilizokuwa za Kikristo kabla reli haijafika Nairobi. Ukimwambia mzee wa huko kwamba umekuja kumletea nuru, atakutafutia kiti na maji ya kunywa, halafu atakutazama tu.

2. Jueni mnayezungumza naye. Kila mwaka kuna mmoja anayeripoti kwamba "amewafikia Wahindi". Wahindi gani? Bohora ni Mwislamu. Jirani yake mwenye duka la vipuri ni Mhindu. Mjaini ana hekalu lake la marumaru, tena mkilipita mtapiga picha. Na Mgoa ni Mkatoliki tangu babu wa babu yake. Dada mmoja wa timu yetu alimhubiria mama wa Kigoa nusu saa nzima, ndani ya duka la vitambaa, habari ya kuacha sanamu na kumpokea Yesu. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akakunja kitambaa chake, akamwuliza kwa upole kama angependa kuja misa ya jioni, maana yeye ndiye anayepiga kinanda. Dada yule sasa ni mchungaji na kisa hiki amekipiga marufuku.

3. Haya ya haraka. Ijumaa mchana hakuna nyumba kwa nyumba. Adhana ikilia, zima spika. Dada, leso moja ya kujitanda, isiwe ile mliyokalia. Biblia haiwekwi sakafuni. Wenyeji wanaona, na wanajiuliza kama nyinyi wenyewe mnakiheshimu kitabu chenu. Ramadhani, chupa ya maji ikae mfukoni. Feri ya Likoni si madhabahu: watu wamebanana pale na hawana pa kukimbilia. Mtoto wa watu haongozwi sala ya toba mzazi hajui. Na salamu hazina haraka.

4. Hili nilitaka kuliruka.

Mwaka mmoja nilikuwa kiongozi wa nyumba kwa nyumba. Tulitoka kwenye mkesha, tumefunga, tumeombewa mpaka sauti zimekauka. Mchungaji mwenyeji alituagiza tubaki Majengo, kwa washirika wake, na Mji wa Kale tusiingie bila yeye. Nikauona ni woga. Nilisema hivyo, tena mbele ya timu.

Tukapinda nyuma ya Msikiti wa Mandhry, nikaona uchochoro umefungwa turubai, mikeka imetandikwa, wanaume wa kanzu wanakula pilau kwenye sinia. Mlangoni viatu vimejaa mpaka njiani: makubadhi, ndara, viatu vya watoto. Mimi kwa akili zangu, turubai na pilau ni arusi. Nikawaambia wenzangu Mungu ametukusanyia watu. Mzee mmoja akainuka, akanipokea kwa mikono miwili, karibuni, karibuni, na sijajieleza tumeshasogezewa sinia. Tulikuwa tumefunga. Tulikula.

Kisha, vidole bado vina mafuta, nikasimama nikaomba dakika tano. Nikachukua ishirini. Nilihubiri tajiri na Lazaro. Nilisema kuna watu wameingia kaburini wiki hii hii na sasa wanalilia tone la maji. Hakuna aliyenikatiza. Kijana mmoja alivua kofia yake akajifunika nayo uso, nikaona neno limemchoma. Nikafunga kwa sala, wachache wakaitikia amina, na jioni kwenye tathmini nikaripoti kwamba roho arobaini na ushee zimesikia Injili Mji wa Kale bila upinzani wowote. Vigelegele.

Mchungaji mwenyeji hakupiga makofi. Aliniuliza ni nyumba ipi. Nilipomweleza akavua miwani, akaiweka mezani. Ilikuwa hitima, kisomo cha kumwombea marehemu. Aliyezikwa ni mama wa yule mzee aliyenipokea, na kijana wa kofia ni mjukuu aliyelelewa naye. Mchungaji alikuwa ameshakwenda kutoa pole, kwa sababu mkewe alipojifungua, uji ulikuwa ukitoka kwenye nyumba ile.

Kesho yake alinirudisha kwa miguu. Njiani nilikuwa nimeshatunga hotuba ya msamaha, yenye vifungu. Mzee alinisikiliza yote, akaagiza kahawa, akaniuliza, "Marehemu jina lake ulilijua, mwanangu?" Nikasema sikulijua. "Ungeuliza." Akanitajia. Akanijazia kikombe, akamgeukia mchungaji wakaanza maneno ya bei ya samaki. Heri angenitukana.

Kwa hiyo ukikuta viatu vingi mlangoni, uliza kwanza. Ukiambiwa ni msiba, sema pole, kaa kidogo, ondoka. Siku hiyo usihesabu chochote.

5. Kuhesabu kwenyewe. Mtu wa Pwani ana adabu. Akikwambia "inshallah nitakuja", amekuheshimu, hajaokoka. Mtoeni kwenye fomu. Aliyekufuata nje akauliza swali la pili, huyo ndiye wa kumtunza. Namba yake mpe mchungaji mwenyeji mkononi, isiende kwenye kikundi cha WhatsApp cha timu, na picha yake asipige mtu yeyote, hata ya kisogo. Nyinyi Jumamosi mnapanda treni ya SGR mnaimba hadi Mtito Andei. Yeye anabaki na mama yake, wajomba zake na mtaa wake, na atakayemtembelea Jumanne usiku akiwa amefukuzwa nyumbani ni mchungaji huyo huyo mnayemwona mwoga.

6. Viti vya kukodi virudisheni kabla ya kuondoka. Timu ya mwisho iliviacha uwanjani, mvua ikavinyea, na akina mama wa kanisa wamelipa deni kwa kuuza mahamri. Mpaka leo wananiuliza timu ile ilitoka kanisa gani, na mimi najifanya sikumbuki.