Mtaalamu wa kuchunguza ajali si lazima awe na digrii ya ajali

Ndugu, umeuliza kama wakili wa kaka yako anaweza kumleta injinia wa magari aeleze mwendo wa lile lori, na kama hakimu atalazimika kumkubali.

Kumleta anaweza. Kifungu cha 48 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinataka mtu mwenye ujuzi maalumu katika jambo lenyewe. Hakitaji digrii fulani. Ndiyo maana polisi wa trafiki aliyepima ajali miaka mingi anaweza kusikilizwa, na injinia mwenye vyeti ukuta mzima akabanwa mpaka jasho limtoke. Ataulizwa kwanza: umefanya kazi hii wapi, mara ngapi?

Halafu watamgeukia kwenye hesabu, na hapo ndipo kesi nyingi hulegea. Tuseme alama za breki zina mita 30 hadi gari liliposimama. Lami kavu, msuguano (jinsi tairi linavyoshika barabara) wa 0.7, mwendo unatoka kama kilomita 73 kwa saa. Ikiwa mvua ilinyesha na msuguano ni 0.5, unashuka hadi 62 hivi. Barabara ile ile, alama zile zile! Kwa hiyo muulizeni alipima mwenyewe au alitazama picha za simu tu.

Hakimu hafungwi na maoni ya mtaalamu, anayapima pamoja na mashahidi wengine. Na nani alikuwa na makosa ni swali la mahakama. Mtaalamu akianza kusema "dereva ana hatia", wakili wa upande wa pili atasimama mara moja.