Milioni 3 za kamisheni au bosi asiyefoka: nihame?

SWALI

Shikamoo mshauri. Mimi ni afisa mauzo wa rangi na vifaa vya ujenzi hapa Dar es Salaam, ruti yangu ni Temeke, Mbagala hadi Kongowe. Mshahara wa msingi ni 900,000 na kamisheni ambayo kwa wastani ni kama 200,000 kwa mwezi. Mafuta ya pikipiki anatoa mwajiri. Kazini kuna amani: saa kumi na moja jioni nimeshafunga hesabu, bosi hapigi simu usiku, hatufokewi. Ila mshahara haujapanda miaka 3 sasa.

Kampuni nyingine ya rangi inanitaka nianze Machi. Msingi 600,000. Kamisheni inaanza nikifika asilimia 80 ya tageti, hapo napata 700,000, na nikifikisha tageti yote napata 2,400,000, yaani jumla milioni 3. Kamisheni inalipwa mteja akishalipa. Pikipiki na mafuta ni juu yangu. Kikao kila siku saa moja asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi, na jioni majina yanapangwa kwenye grupu la WhatsApp kuanzia aliyeuza sana hadi wa mwisho. Nina mtoto wa miaka 2 na bado nakatwa mkopo wa chuo wa Bodi ya Mikopo. Mke wangu anasema nisihame, washkaji wanasema nitajuta nikiiachia. Wewe unasemaje?

JIBU

Marahaba. Kwa masharti hayo kama yalivyo, usisaini. Yakirekebishwa mambo matatu nitakayoyataja, mimi ningehama, na kelele za grupu zisingenizuia. Tuanze na pesa, kwa sababu hiyo milioni 3 imekukaa kichwani kama mshahara wakati ni dari ya nyumba.

Tuchukue kazi uliyonayo. Jumla 1,100,000. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, sehemu yako asilimia 10, yaani 110,000. Kinachobaki, 990,000, ndicho kinachokatwa PAYE, kodi ya mshahara: 68,000 kwa kipande cha hadi 760,000, kisha asilimia 25 ya kilichozidi, jumla 125,500. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 135,000. Mkononi unabaki na 729,500, na mafuta hununui.

Sasa kazi mpya, mwezi ambao tageti imetimia. Milioni 3 inatoa NSSF 300,000. Kodi ya 2,700,000 iliyobaki ni 128,000 pamoja na asilimia 30 ya kila kilichozidi milioni 1, jumla 638,000. Bodi 90,000. Zinabaki 1,972,000. Halafu mafuta, oili, tairi na breki. Kwa ruti ya Kongowe nakadiria 8,000 kwa siku, siku 26, ni 208,000. Mfukoni inaingia 1,764,000. Bado ni zaidi ya mara mbili ya unachopata leo, na sitakudanganya kwamba hiyo si pesa.

Mwezi wa asilimia 80 je? Jumla 1,300,000. Baada ya NSSF, kodi na Bodi unabaki na 901,000. Toa mafuta: 693,000. Umekimbizana na kikao cha saa moja asubuhi siku sita kwa wiki, ukafikisha asilimia 80 ambayo si haba kwenye biashara ya rangi, na umeishia chini ya unachopata sasa hivi ukiwa umetulia. Na mwezi wa asilimia 79, ambao kwa macho hautofautiani na ule wa 80, unakuachia 218,000. Hapo kuna kodi ya nyumba na maziwa ya mtoto.

Nimeipigia hesabu ya mwaka mzima. Ukipata miezi miwili ya tageti kamili, mitano ya asilimia 80 na mitano mibovu, unamaliza mwaka na pungufu ya kama 670,000 ukilinganisha na kazi yako ya sasa. Miezi mitatu mizuri, mitano ya kati, minne mibovu: umeizidi kazi ya sasa kwa kama 875,000. Minne, minne, minne: umezidi karibu milioni 2. Kwa hiyo swali lako lote linasimama hapa: kwenye ile kampuni, muuzaji wa kawaida anafikisha tageti nzima miezi mingapi kwa mwaka? Chini ya mitatu, huku mibovu ikifika mitano, unahamia hasara.

Hilo hawatakuambia kwenye usaili usipouliza, na ukiuliza "wauzaji wanafikisha tageti?" utajibiwa "wengi tu". Uliza hivi: ruti ninayopewa ilikuwa ya nani, ameondoka kwa nini, na naomba kuona tageti na mauzo ya ruti hiyo kwa miezi 12 iliyopita. Meneja anayejiamini atakuonyesha hata kwenye skrini ya kompyuta yake. Akikwepa, umeshajibiwa. Halafu kuna njia ambayo mimi naiamini kuliko usaili wowote: wewe upo kwenye maduka hayo hayo. Mwulize mwenye duka pale Mbagala Rangi Tatu, wauzaji wa kampuni ile amebadilishiwa wangapi kwa mwaka. Wenye maduka ya vifaa vya ujenzi wana kumbukumbu kali, maana kila muuzaji anayeondoka huacha ahadi zisizo na mwenyewe.

Uliza pia tageti inapangwaje baada ya kufikiwa. Kuna makampuni ambayo ukifikisha mara mbili mfululizo, mwezi wa tatu inapandishwa, na ile 2,400,000 inakuwa kama upinde wa mvua. Kubadilika kwa tageti si dhambi. Dhambi ni kubadilika katikati ya mwezi, au bila maandishi.

Sasa Machi. Nani amekuchagulia mwezi huo? Masika ya Dar huanza Machi na kwenda hadi Mei. Mafundi hawapaki rangi za nje kwenye mvua, misingi inajaa maji, malori hayafiki site, na wenye maduka wanapunguza oda kwa sababu ndoo za mwezi uliopita bado zimepangwa mlangoni. Wewe unalijua hili kuliko mimi. Ongeza kwamba rangi kwa sehemu kubwa inatoka kwa mali kauli, duka linachukua leo na kulipa baada ya siku 30, 45, au "njoo Ijumaa". Na kamisheni yako inalipwa mteja akishalipa. Maana yake ni kwamba hata ukiuza vizuri Machi, kamisheni ya Machi inaweza kuingia Mei. Miezi miwili mitatu ya kwanza jiandae kuishi kwa msingi peke yake, ambao baada ya makato na mafuta ni ile 218,000.

Na wakati huohuo ndio uko kwenye majaribio. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, masharti ya kuachishwa kazi isivyo haki hayamlindi mfanyakazi ambaye hajafikisha miezi 6 kwa mwajiri huyo. Ukiachwa Julai kwa kuwa masika yalikula tageti yako, utakuwa na shida kubwa kupata cha kudai Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Unaacha pia miaka yako ya utumishi pale ulipo. Kiinua mgongo cha kisheria ni siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10, kwa anayeachishwa na mwajiri. Ukihama mwenyewe unaanza kuhesabu upya, na kwa msingi wa 600,000 badala ya 900,000. Benki nayo ukienda kukopa kiwanja itaangalia kile cha uhakika.

Basi mambo matatu ya kudai. La kwanza, dhamana ya kamisheni kwa miezi 3 ya mwanzo, angalau ile 700,000 kila mwezi, na iandikwe kwamba ni malipo, haitakatwa baadaye kwenye kamisheni zako. Wengine hutoa "dhamana" ambayo ni mkopo uliovaa suti. La pili, mafuta walipe wao, au msingi upande kufidia. Likikubaliwa hili tu, mwezi wako wa kati unatoka 693,000 hadi 901,000 na hesabu yote inageuka. La tatu, kipengele cha madeni. Soma mkataba utafute sentensi inayosema afisa mauzo atawajibika kwa deni la mteja asiyelipa. Kwenye mali kauli sentensi hiyo ni hatari. Kifungu cha 28 cha sheria hiyo kinamruhusu mwajiri kukata hasara pale tu ilipotokana na kosa la mfanyakazi, baada ya kumweleza kwa maandishi na kumpa nafasi ya kupinga, na makato hayo yasizidi robo ya ujira. Duka kufilisika si kosa lako. Wakatae kwa heshima, waombe sentensi ibadilishwe.

Saa za kazi waulize pia, ingawa hapa sitegemei sana. Sheria inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Kikao saa moja asubuhi na ripoti ya jioni, siku sita, vinazidi hapo kwa urahisi.

Nirudi kwenye amani, maana ndiyo iliyokufanya uandike. Usiidharau, lakini ichunguze nayo. Kuna ofisi tulivu kwa sababu imepangika: mzigo upo stoo, bei hazibadiliki kiholela, bosi anajua ruti yako na anakuamini. Kuna nyingine ni tulivu kwa sababu hakuna anayejali tena. Mshahara kutopanda miaka 3 unanitia wasiwasi. Angalia kama mishahara inaingia tarehe ileile, kama rangi zinazotoka haraka zinakosekana stoo wiki nzima, na kama michango yako ya NSSF inafika kweli. Taarifa yako unaweza kuiomba NSSF wenyewe. Ukikuta michango ya miezi kadhaa haipo, amani hiyo ina kikomo na utafute pa kwenda hata kama si kwa hawa.

Kuhusu kupangwa kwenye WhatsApp kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, nitasema ninavyoona. Presha yenyewe si tatizo kwenye mauzo, na wapo wanaoipenda. Nitakachotaka kujua ni kama meneja anayekupanga wa mwisho saa kumi na mbili jioni anapanda nawe pikipiki kesho yake kwenda kwa mteja aliyegoma. Kama anapanga tu, mwisho wa mwezi wauzaji wake wanafanya kile unachokijua: tarehe 29 wanamwangukia mwenye duka achukue ndoo 40 za lita 20 asizozihitaji, "nisaidie nifunge mwezi, nitakurudishia". Tageti inatimia kwenye karatasi, mwezi unaofuata duka limejaa, oda hakuna, na ndoo zinarudi pamoja na kamisheni. Kinachopotea hapo ni jina lako kwa wenye maduka wa Temeke na Mbagala. Hao ndio mtaji wako, kuliko nembo ya rangi yoyote utakayoibeba.

Kwa hiyo panga hivi. Kabla ya kujibu hao wapya, nenda kwa bosi wako na rekodi ya mauzo yako ya miaka 3, omba nyongeza. Usimtishie kwa barua ya wenzake. Mwambie unataka msingi upande au asilimia ya kamisheni ipande kwa wateja wapya utakaowafungua. Akikupa hata 150,000, pengo linapungua na usingizi wako unabaki. Wapya nao waambie uko tayari kuanza Juni, mvua zikikatika, kwa yale mambo matatu. Wanaokutaka kweli watasubiri miezi mitatu.

Ukikubaliwa, usiandike barua ya kuacha kazi mpaka mkataba mpya uwe mkononi, umesainiwa na pande zote, kamisheni ikiwa imeandikwa ndani yake na si kwenye meseji. Mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi ya siku 28. Pitia na mkataba wako wa sasa uone kama kuna kipengele kinachokuzuia kuwafuata wateja wako kwa mshindani. Kipo mara nyingi kwenye ukurasa wa mwisho, karibu na sahihi, mahali ambapo tukisaini hatusomi.

Na mama watoto mwonyeshe hizo namba: 218,000, 693,000 na 1,764,000. Mwulize nyumba yenu inaweza kubeba ule mwezi wa 218,000 mara ngapi mfululizo kabla ya kukopa. Jibu lake ni bora kuliko la washkaji.